Msiba Usiokuwa na Tanga

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

 

Mara nyingi nimeandika hapa juu ya subira. Nikitazama nyuma naona nimeliandika neno hilo kama mtu agawaye maji hali amekaa kisimani, mwenyewe hana kiu. Leo naliandika tena, lakini kwa sababu nyingine. Nina kosa la kukiri mbele yenu, na kosa hilo nililitenda kwa neno hilo hilo la subira. Nimemwomba radhi niliyemkosea, naye amenipa idhini ya kuyasimulia haya bila ya kumtaja jina, kwa kuwa aona huenda yakamfaa mtu mwingine.

Mdogo wangu wa tumbo moja ana binti aliyeolewa bara, mjini Nakuru. Kwa desturi zetu huyo ni mwanangu, nami ni mama yake mkubwa. Nilimlea miaka miwili alipokuwa mdogo, na siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemtia udi. Mumewe ni fundi wa magari, mtu mpole na mchapa kazi. Walianza maisha katika chumba cha kupanga Bondeni, mtaa mkongwe wa Nakuru ambao Waislamu wamekaa kizazi kwa kizazi. Msomaji wa pwani asidhani kwamba huko bara Uislamu ni mgeni. Reli ilipofika Nakuru mwaka wa 1900 na mji ukaanza kujengeka, walifika nayo watu wetu: wapagazi, mafundi, wapishi na wafanyabiashara wadogo wadogo. Waswahili, Wanubi, Wasomali na Wahindi wakaweka misikiti na vyuo. Adhana ya Nakuru ina umri mrefu kuliko sisi sote tusomao hapa.

Baada ya miaka mingi ya kujinyima, mwanangu na mumewe walinunua kiwanja kidogo upande wa ziwa. Walijenga pole pole, chumba kimoja kwa wakati, kwa akiba na kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Nilikwenda siku ya kuingia nyumba. Tulisoma maulidi, tukala pilau, nami nikasimama mlangoni nikatazama ziwa likimetameta kule mbali, nikasema, "Mwanangu, umepata nyumba yenye upepo kama wa kwetu." Ziwa lilikuwa mbali kweli. Hapakuwa na mtu aliyeliogopa.

Jina la Nakuru, wasemavyo wengi, latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi. Na mji huo kwa vumbi nilikuwa naujua. Lakini kuanzia takriban mwaka wa 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda: Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha. Ziwa Nakuru hupokea maji ya mito kama Njoro, Makalia na Nderit, wala halina mto wa kulitoa maji hayo. Mvua zikizidi, na udongo ukiporomoka kutoka milima iliyokatwa miti, maji hayana pa kwenda ila pembeni. Lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama likamezwa. Flamingo waliolipa ziwa hilo sifa duniani wakapungua, wengi wakahamia Bogoria. Na katika mvua kubwa za mwaka wa 2019 na 2020, maji yakaingia katika makaazi ya watu.

Hayakuingia kwa kishindo, na hilo ndilo lililonidanganya mimi niliyekuwa mbali. Kwanza choo kilijaa. Kisha ua ukawa tope. Kisha asubuhi moja mwanangu akaamka, akateremsha miguu kitandani, na miguu ikakanyaga maji. Wakainua vitu juu ya matofali. Wakaongeza matofali. Siku ya mwisho walitoka na walivyoweza kubeba, nyumba wakaiacha ikisimama ndani ya ziwa, madirisha yake yakitazama maji.

Nanyi mwakumbuka mwaka wa 2020 ulivyokuwa. Tangu Aprili mpaka mwanzo wa Julai hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Mombasa kwa ajili ya korona. Misikiti ilikuwa imefungwa. Sikuweza kwenda. Nilichokuwa nacho ni simu, na kwa simu hiyo ndipo nilipokosa.

Alinipigia usiku. Alikuwa akilia, na kilio chake hakikuwa na utaratibu. Alilia nyumba, akalia mkopo, akalia mwembe alioupanda ukamfia majini, akasema hajui Mwenyezi Mungu anamtaka nini. Mimi nikaogopa. Niliposikia maneno hayo ya mwisho nilihofu imani yake, na badala ya kumsikiliza nikamhutubia. Nikamwambia: subiri, mwanangu, usiseme hivyo, wako waliofiwa na watoto, wewe umepoteza mawe na simenti tu, mshukuru Mola mko hai. Nikamtajia Nabii Ayyub. Nikamtajia na jirani yangu aliyefiwa wiki ile kwa maradhi. Aliponyamaza, nikadhani ametulia.

Alisema neno moja tu: "Mama, wewe hujapatwa na lililonipata mimi." Kisha akaniaga kwa adabu, akakata simu.

Tangu siku ile hakunililia tena. Tulionana harusini na misibani, akanishika mkono, akaniuliza hali, akanicheka kwa mizaha yetu ya zamani. Lakini jambo la nyumba hatukuligusa. Mimi nikajipa moyo kwamba amesubiri. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka huu, baada ya Idd, nilifunga safari. Nilipanda gari la moshi mpaka Nairobi, na kutoka hapo matatu ya kuteremka bondeni kwa njia ya Mai Mahiu. Tulipofika Mai Mahiu dereva alipunguza mwendo, na abiria mmoja, mzee wa makamo, akanionyesha kwa kidole upande yalikopita maji. Nadhani wengi wenu mwaikumbuka habari hiyo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuilika juu, chini ya tuta la reli, yalipasuka yakashuka na mawe na miti juu ya watu waliolala. Zilikuwa hazijatimia wiki tatu tangu Idd-ul-Fitri. Makumi ya watu walifariki, na wengine hawakuonekana. Miaka sita kabla yake, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja kule Solai, kaskazini ya Nakuru, lilipasuka likaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Ramadhani ilikuwa imebakisha siku chache tu kuingia.

Mzee yule aliniambia kwamba baada ya msiba wa Mai Mahiu watu walikuja kwa wingi: waliokuja kuchimba, waliokuja na mablanketi, waliokuja kuomba dua kila mtu kwa dini yake. Nikamsikiliza, na ghafla nikamkumbuka mwanangu. Nikajiuliza: kwake yeye walikuja watu wangapi? Maji ya Mai Mahiu yalikuja kwa usiku mmoja, na dunia nzima ikajua. Maji ya ziwa yalikuja kwa miezi. Hapakuwa na maiti wala jeneza. Hapakutandikwa jamvi. Ule ulikuwa msiba usiokuwa na tanga, na tanga lisilotandikwa haliwezi kuanduliwa.

Nilimkuta katika nyumba ya kupanga, Bondeni tena, karibu na pale walipoanzia. Ana watoto watatu sasa. Nyumba safi, chai ya tangawizi, mahamri ya iliki kama niliyomfunza. Usiku, watoto walipolala na mumewe alipokwenda kuswali Isha, nilimwambia: "Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi kwa ile simu." Hakujifanya hajui ni simu gani. Alitulia kitambo. Kisha akasema, "Mama, nilitaka unililie tu. Nilijua wewe huna la kufanya."

Akanieleza yaliyofuata, ambayo mimi mama yake sikuyajua. Mkopo wa nyumba waliendelea kuulipa miaka mitatu baada ya nyumba kuwa ndani ya maji, na bado hawajaumaliza. Hatimiliki ya kiwanja wanayo kabatini. Karatasi yasema ardhi ni yao, na ardhi iko chini ya ziwa. Waliona haya kuwaambia jamaa wa pwani kuhusu deni, kwa sitara. Na jambo lililonikata maini ni hili: alisema kwa miezi mingi aliswali faradhi zake zote, lakini akitoa salamu, mikono haikunyanyuka kuomba dua. "Nilikuwa naogopa, Mama. Uliniambia nisiseme niliyoyasema. Nikadhani nikifungua kinywa mbele ya Mola wangu nitasema yale yale, nami nitapata dhambi. Basi nikanyamaza."

Ndugu zangu, mimi niliyetaka kumlindia imani yake ndiye niliyemfungia mlango wa dua.

Iko hadithi mashuhuri, imo katika Sahihi Bukhari, ambayo nimeisoma mara nyingi na kuifundisha, lakini usiku ule ndipo nilipoielewa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Akamnasihi amche Mungu na asubiri. Yule mwanamke, asimtambue, akamjibu kwa maana ya kwamba amwache, kwani yeye hakupatwa na msiba wake. Ni maneno yale yale ya mwanangu. Na mbora wa viumbe alifanya nini? Alikwenda zake. Hakumfuata, hakumkaripia, hakumwambia wako waliopatwa na makubwa zaidi. Ni yule mwanamke mwenyewe aliyekuja baadaye nyumbani kwa Mtume, asikute bawabu mlangoni, akaomba udhuru; ndipo alipofundishwa kwamba subira hasa ni ile ya pigo la kwanza. Sisi tumeishika sehemu ya mwisho ya hadithi, tukaisahau ya katikati. Twawahi kufundisha, hatujui kumwacha mtu alie.

Nilimuuliza mwanangu ni nini kilichomrudishia dua. Akasema ni Surat Yusuf. Baada ya misikiti kufunguliwa, akina mama wa mtaa walianzisha tena darsa ya tafsiri, na Ramadhani moja wakaisoma sura hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Yeye alikuwa akiijua kisa chake tangu chuoni, kama tuijuavyo sote: ndoto, kisima, kanzu. Safari hii aliyemshika si Yusuf, bali mzee Yaqub. Na nataka niwapitishe katika yale aliyoyaona, kwa kuwa yalinifunza mimi niliyekuja kwa kujidai mwalimu.

La kwanza, Yaqub alilia. Alikuwa Nabii, na alikuwa ameahidi subira njema tangu siku ile wanawe walipomletea kanzu yenye damu ya uongo. Hata hivyo miaka ilipita naye bado akimlilia mwanawe, mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Qur'ani haikusema kwamba subira yake imevunjika. Basi machozi na subira hukaa nyumba moja. Mtume wetu naye alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, machozi yalimtoka, na walipostaajabu sahaba akaeleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila la kumridhisha Mola. Kinachokatazwa ni kupiga mashavu, kupasua nguo na kumkufuru Mungu kwa kilio. Machozi hayakukatazwa kamwe.

La pili, Yaqub alishtaki. Wanawe walimlaumu kwa kumkumbuka Yusuf hata akajidhuru, naye akawajibu kwamba dhiki na huzuni yake aishtaki kwa Mwenyezi Mungu. Tazameni, waliomzuia kulia ndio wale wale waliosababisha kilio. Na tazameni vile vile jibu lake: hakusema kwamba hana mashtaka. Alisema anayo, na anajua pa kuyapeleka. Hapa ndipo mwanangu alipofunguliwa. Alikuwa akidhani kumweleza Mola uchungu wake ni kukosa adabu. Akatambua kwamba kumshtaki Mungu kwa watu ni jambo moja, na kushtaki hali yako kwa Mungu ni jambo jingine kabisa. La kwanza humtoa mja mlangoni, la pili humwingiza ndani. Usiku ule, aliniambia, alisujudu akasema kwa Kiswahili cha nyumbani, bila ya Kiarabu alichokihifadhi, kila kitu alichoniambia mimi kwa simu. Nyumba, mkopo, mwembe. Akasema, "Ya Rabbi, sijui unanitaka nini, lakini sina kwingine pa kwenda." Akalia mpaka mkeka ukalowa. Maji hayakushuka ziwani kwa dua hiyo, wala deni halikufutika asubuhi yake. Lakini mikono ilirudi kunyanyuka.

La tatu, Yaqub alituma watu. Katika maneno yale yale ya huzuni, aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kilio hakikumzuia kutafuta, na tawakkul haikumfanya akae kitako. Ndivyo alivyofanya Bibi Hajra alipoachwa na mwanawe katika bonde lisilo mmea wala maji. Kwanza aliuliza kama hiyo ni amri ya Mungu. Alipojua kuwa ni amri Yake, akasema kwa yakini kwamba basi hatatutupa. Je, baada ya yakini hiyo alikaa kungoja? Alipanda Safa, akapanda Marwa, mara saba, akitafuta. Maji ya Zamzam hayakutoka pale alipokuwa akikimbilia, yalitoka miguuni kwa mtoto. Lakini mbio zake zimewekwa kuwa ibada, na kila anayehiji, awe mfalme au fukara, hupita katika nyayo za mwanamke huyo.

Mwanangu naye alikimbia mbio zake. Alianza kupika mahamri na viazi vya karai, akauza alfajiri kwa mafundi wa gereji na wenye matatu. Baridi ya Nakuru asubuhi mimi nimeionja. Mji uko juu sana, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa pwani hutetemeka hata akivaa sweta mbili. Yeye huamka saa kumi za usiku. Huswali rakaa mbili, huomba, kisha huwasha jiko. Hakuniambia kwamba amefurahi. Aliniambia kwamba anaweza. Nami naona neno hilo lina uzito wake.

Kuna mtu mwingine sina budi kumtaja. Siku ya kuhama ile nyumba ya ziwani, aliyefika wa kwanza kubeba vitu ni jirani, mama Mkristo aliyekuwa akiuza mboga. Alikuja na mkokoteni wake na wanawe wawili. Mwanangu alipomshukuru, mama yule alisema kwamba Januari ya mwaka wa 2008 yeye alikimbia kwake na watoto, wakalala katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru pamoja na maelfu ya waliofukuzwa makwao kwa fujo za baada ya uchaguzi. Alijua ni nini kufunga mlango usiojua kama utaufungua tena. Hakumpa mwanangu nasaha hata moja. Alibeba kabati. Mtume wetu alihimizwa na Jibril juu ya haki ya jirani mpaka akadhani jirani atarithishwa. Na haki hiyo haina mipaka ya dini. Nasema kwa haya: yule mama alitangulia kuifanya kazi iliyokuwa yangu.

Sasa, akina mama wenzangu, tufanyeje? Nayasema haya kwanza kwa nafsi yangu.

Tuanze na kutambua misiba isiyo na tanga. Katika miji yetu ya pwani, mtu akifa, twajua la kufanya: nani atapika, nani atakwenda makaburini, siku gani hitima itasomwa. Mtume alipopata habari ya kuuawa kwa Ja'far aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe, kwa kuwa yamewafikia ya kuwashughulisha. Lakini mume akifutwa kazi, nani ampikiaye mkewe? Mimba ikiharibika? Mtoto akifungwa? Nyumba ikichukuliwa na maji au na mnada? Hao nao yamewafikia ya kuwashughulisha. Sinia la chakula lililofunikwa kawa, likabishwa mlangoni jioni, husema maneno ambayo hotuba haiwezi kuyasema.

Kisha tujifunze kusikiliza. Mwenye msiba akisema neno zito, tusilirukie kama moto wa nyasi. Mara nyingi si kufuru. Ni maumivu yanayotafuta mdomo. Mpe maji, mshike mkono, lia naye. Akituliza moyo, yeye mwenyewe atakuuliza dini yasemaje, na hapo neno lako litapata pa kukaa. Wala tusipimiane misiba. Kumwambia aliyepoteza nyumba kwamba mwenziwe amepoteza mtoto hakumpunguzii. Kwamwongezea haya juu ya huzuni. Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika Surat al-Baqara, alipotaja mitihani ya waja wake, alitaja khofu, na njaa, na upungufu wa mali, na wa nafsi, na wa matunda. Alivitaja vyote, hakukidharau hata kimoja. Mwembe wa mwanangu umo katika aya hiyo.

Na tuangalie madeni. Miongoni mwa mafungu nane ya wanaopewa zaka, yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, wamo wenye kulemewa na madeni. Wengi wetu tukitoa zaka twafikiria mwombaji wa mlangoni, na ni haki yake. Lakini huenda ndani ya ukoo wetu yuko mtu avaaye vizuri, ajibuye salamu kwa tabasamu, na kila mwisho wa mwezi hulipia kitu asichokuwa nacho tena. Mtume ametufunza kwamba sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa jamaa ni mambo mawili, sadaka na kuunga udugu. Muulizeni shekhe wenu hukumu za zaka kwa jamaa, nani apewe na nani asipewe, kisha mutazame kwa macho ya huruma. Niliporudi Mombasa tuliketi sisi dada na kaka, tukazungumza kwa sitara juu ya lile deni. Halikumalizika kwa kikao kimoja, lakini sasa halibebwi na watu wawili peke yao.

Kwako wewe unayesoma haya hali moyo wako mzito, sina la kukuhutubia. Nakwambia tu kwamba machozi yako hayakutoi katika kundi la wenye kusubiri. Bibi Ummu Salama alipofiwa na mumewe Abu Salama, aliisema dua aliyofundishwa na Mtume, ya kuomba ujira katika msiba na kupewa badali iliyo bora. Na mwenyewe amesimulia kwamba alijiuliza moyoni, ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama? Aliiomba dua hali hajui jibu laweza kutoka wapi. Mola hakumlaumu kwa swali lake, na badali aliyomletea hakuipata katika hesabu zake mwenyewe. Basi omba hata kama huoni njia. Omba kwa lugha yako, kwa maneno yaliyovunjika. Aliyeisikia sauti ya Yunus ndani ya tumbo la samaki hashindwi kuisikia sauti yako kutoka nyumba ya kupanga.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, mwanangu alinipeleka mpaka mahali ambapo ziwa laonekana. Maji yalikuwa yametulia, na ndege weupe wakielea juu yake. Paa la nyumba yao halionekani tena, lilishaanguka. Alisimama akatazama kwa muda, kisha akasema, "Nilimwambia Mola wangu, hii ni amana Yako, nimekurudishia." Akafuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza kama nimebeba maji ya njiani. Tukarudi kituoni.

Ewe Mola wetu, Uliyempa Hajra maji jangwani na Uliyemrudishia Yaqub macho na mwana, waponye waliojeruhiwa na maji katika Bonde la Ufa na kila mahali, wa dini yetu na wasiokuwa wa dini yetu. Wapokee kwa rehema Waislamu waliozama, kwani Mtume Wako ametubashiria kwamba anayekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Wapunguzie wenye madeni mzigo wao. Tupe ndimi zinazonyamaza panapofaa, na mikono inayobeba. Tusamehe tuliowajeruhi waja Wako kwa maneno mema tuliyoyasema wakati usiofaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukijaaliwa uhai, tukutane tena wiki ijayo.